Picha za Wapita Njia: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mtu akishatoka nyumbani kwake na kuingia barabarani, sura yake imekuwa halali ya yeyote mwenye kamera. Ukweli ni kwamba kupiga picha ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine, na kila nchi imeweka mpaka wake. Kati ya mwaka 1999 na 2001, mpiga picha wa Kimarekani Philip-Lorca diCorcia alifunga taa karibu na Times Square, New York, akawa anawapiga picha wapita njia wasio na habari. Mzee mmoja ambaye sura yake ilitumika katika maonyesho alimshtaki, lakini mwaka 2006 mahakama iliitupa kesi hiyo kwa hoja kwamba picha ile ni sanaa, ingawa nakala zake zilikuwa zimeuzwa kwa maelfu ya dola. Kanada ilikata shauri kinyume na hivyo: mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliafiki kwamba msichana aliyepigwa picha huko Montreal akiwa na umri wa miaka 17, ameketi kwenye ngazi za jengo, alipwe dola 2,000, kwa kuwa jarida la sanaa liliichapisha bila ridhaa yake.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Ni kweli kwamba klabu si barabara, na sheria hiyohiyo imeacha nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa. Hata hivyo, anayedhani kwamba picha ya mama muuza ndizi inaweza kupamba tangazo la benki bila mwenyewe kuulizwa anajidanganya.

Kuhusu ufundi, wengi hudhani kazi hii ya kupiga picha za barabarani hufanywa kwa lenzi ndefu kutoka mbali. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alitegemea zaidi lenzi ya milimita 50, ambayo humlazimu mpigaji kusogea. Wala si bahati ya mbofyo mmoja: mpiga picha wa Kimarekani Garry Winogrand alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda ya filamu ipatayo 2,500 ambayo haijasafishwa.

Dhana ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosameheka zaidi, ni kwamba picha inayoonekana kunaswa ghafla haikupangwa. Busu maarufu katika picha ya Mfaransa Robert Doisneau mbele ya jumba la manispaa ya Paris, lililopigwa mwaka 1950, liliaminika hivyo kwa miongo kadhaa, mpaka madai ya kisheria ya miaka ya 1990 yalipomfanya mpigaji akiri kwamba wapenzi wale walikuwa wanafunzi wa maigizo, na kwamba yeye ndiye aliyewaomba wabusiane.