Kutu, Waridi na Majivuno: Dhana Potofu Kuhusu Boti za Mifereji ya Uingereza

Karibu na mji wa Warwick, katikati ya Uingereza, mfereji wa Grand Union unapanda kilima cha Hatton kwa loki 21. Loki ni chumba kirefu cha matofali kilichokatiza mfereji, chenye malango mazito mbele na nyuma. Boti huingia, malango hufungwa, maji huachiwa, na boti hunyanyuka taratibu hadi usawa wa juu. Loki za Hatton zina upana wa mita 4 na ushei, kwa hiyo boti mbili nyembamba hukaa humo ubavu kwa ubavu. Ukipanda na mwenzio mnagawana kazi ya kusukuma malango, na maji yanayotumika ni nusu ya yale ambayo yangetumika kama kila mmoja angepanda peke yake. Faida iko wazi. Lakini yuko bwana mmoja ambaye, akigeuka nyuma akaona boti inayokuja ina kutu na baiskeli tatu juu ya paa, hukumbuka ghafla kwamba alikuwa hajanywa chai.

Ubaguzi wa mifereji hauna bango wala kanuni. Umo katika jicho, katika salamu inayojibiwa nusu, na zaidi katika majina ya utani. Mifereji mingi ya England na Wales iko chini ya shirika la hisani la Canal & River Trust, lililoipokea mwaka 2012 kutoka kwa shirika la umma la British Waterways: njia za maji za zaidi ya kilomita 3,000, na juu yake boti zaidi ya 30,000 zenye leseni. Wastaafu, vijana waliokimbia kodi za London, familia zenye watoto wadogo, wapenzi wa mitambo ya kale, wote wanapita mfereji mmoja, tena polepole, kwa mwendo usiozidi maili 4 kwa saa. Nafasi ya kutazamana haikosi.

“Boti inayong'aa ni nzima, yenye kutu ni mbovu”

Nianze na hii kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine.

Boti nyembamba ya siku hizi ni sanduku la mabamba ya chuma yaliyochomelewa. Mafundi hutaja vipimo vitatu kwa pamoja, 10-6-4: bamba la chini lina unene wa milimita 10, mbavu 6, na kibanda cha juu 4. Rangi ya kuvutia, jina lililoandikwa kwa herufi za madoido, shaba iliyosuguliwa hadi ukajiona, vyote hivyo viko kwenye kibanda, sehemu ambayo haigusi maji. Kinachoizuia boti isizame ni zile 10 na 6, na huko chini hakuna ua hata moja. Kuna lami nyeusi tu, inayopakwa kila baada ya miaka miwili au mitatu boti ikishapandishwa nchi kavu.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa. Hiyo ndiyo kazi ya deheni, ile chokaa iliyokandwa na mafuta na kupakwa tumbo la jahazi ili mdudu asitoboe mbao. Na Kiswahili kina neno *sifa* kwa maana mbili: kusifiwa na watu, na mafuta ya papa yanayopakwa chombo ili kidumu. Uingereza wako wengi wenye sifa ya kwanza ambao hawajaikumbuka ya pili miaka sita sasa.

Kutu ya paani ni ya juujuu. Mwenye brashi ya waya, kopo la rangi na siku mbili za jua ataimaliza, ingawa kupata siku mbili za jua huko ndiko kwenye kazi. Kutu ya kuogopwa ni ile ya vishimo, inayochimba chuma pale maji na hewa vinapokutana. Huwezi kuiona ukiwa umesimama kando ya mfereji. Mkaguzi huipata boti ikiwa nchi kavu: hukwangua lami, hugonga kwa nyundo akisikiliza, kisha hupima unene wa bamba kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Akikuta limebaki chini ya milimita 4, kampuni nyingi za bima huanza kukunja uso.

Kinachochekesha ni kwamba boti za fahari zina adui wao wa pekee. Boti inayolala marina, yaani bandari ndogo ya kuegesha boti, imeunganishwa na umeme wa nchi kavu, huwa imeunganishwa pia na majirani zake kupitia waya wa ardhi. Vyuma mbalimbali, waya mmoja, na maji katikati: hiyo tayari ni betri. Vipande vya magnesiamu vilivyochomelewa chini ya boti huliwa kwanza, na ndiyo kazi yake. Vikiisha, inafuata bodi yenyewe. Kipo kifaa kidogo cha kuuzuia mkondo huo, ila usipokifunga, kikulacho kiko kwenye waya wako mwenyewe. Yule wa kutu, aliyefunga boti yake chini ya mti na kutegemea sola, mlango huo wa kuliwa hana.

“Lakini yangu ina cheti cha usalama,” mtu atajitetea. Ni kweli, leseni haitolewi bila cheti hicho, na hukaguliwa upya kila miaka minne. Kinachokaguliwa ni gesi, mafuta, nyaya za umeme, hatari ya moto na hewa ya ndani. Unene wa bodi haumo. Rangi haimo. Mengine yanayotakiwa kwa leseni ni bima, na kueleza kama una mahali pako pa kudumu pa kufungia boti au la. Nyumba njema si mlango, na hata serikali imekubali kwamba mlango hauihusu.

“Boti ya kweli ina waridi na ngome”

Mapambo yanayojulikana zaidi ya mifereji ya Uingereza ni mashada ya waridi na picha za ngome kando ya ziwa, yakichorwa kwenye milango ya kibanda, ndoo na makopo ya maji. Siku hizi mtu akinunua boti mpya yenye rangi moja ya kijivu, kama simu, huambiwa kwamba ameisaliti mila.

Mila hiyo ina umri gani? Mfereji wa Bridgewater, uliojengwa kupeleka makaa ya mawe ya Worsley hadi Manchester, ulifunguliwa mwaka 1761. Maandishi yanayotaja waziwazi waridi na ngome yanaanza miaka ya 1850, karibu karne nzima baadaye. Katikati ya hapo reli ilikuwa imeingia. Reli ilipunguza nauli za mizigo, ujira wa waendesha boti ukashuka, na wengi wakahamisha familia nzima kwenye boti: kodi ya nyumba ikaokolewa, mke na watoto wakawa wafanyakazi wasiolipwa. Kibanda chao kilikuwa na urefu wa kama mita 3 na upana wa 2, chenye jiko, kitanda cha kukunja, kabati na kila kitu. Humo ndimo waridi zilimostawi, pamoja na lesi, sahani za ukutani na vipande vya shaba. Mtu asiye na ua wa nyumba alijichorea maua.

Na watu wa nchi kavu waliwaonaje wenye mapambo hayo? Kama takataka. George Smith wa Coalville, mwanaharakati wa enzi ya Malkia Victoria, aliwaeleza kuwa wachafu, walevi, wasiojua kusoma. Kampeni yake ilizaa sheria za mwaka 1877 na 1884 zilizotaka boti za kuishi ziandikishwe na idadi ya wanaolala humo iwekewe mipaka. Watoto walinufaika, bila shaka, lakini jina baya lilibaki. Kwa hiyo mtu anayemdharau leo jirani yake kwa kukosa waridi anatumia kama kipimo cha ustaarabu alama ya watu waliodharauliwa na wastaarabu wa wakati huo.

Isidhaniwe kwamba wao wenyewe walikuwa malaika. Aliyemiliki boti yake, badala ya kuajiriwa na kampuni, aliitwa “Number One”, na alijua kuwa ni namba moja. Mzembe asiyesugua shaba wala kutunza kamba zake aliitwa “rodney”. Tofauti na leo ni kwamba waliohukumiana hivyo walifanya kazi ileile, na kamba iliyochakaa ingeweza kumuumiza mtu.

Kampuni nazo zilikuwa na rangi zake. Fellows, Morton & Clayton, kampuni ya kuchukua mizigo kwa boti, walikuwa na zao, na mifereji ilipotaifishwa mwaka 1948 boti za serikali zikapakwa buluu na njano. Ukitaka mila, basi, itabidi useme ni ya nani na ya mwaka gani. Wapo hata wanaolipia ribiti za bandia (ribiti ni vile vipini vya chuma vilivyounganisha mabamba kabla ya kuchomelea) zibandikwe kwenye boti iliyochomelewa, ambayo haikuwahi kuhitaji ribiti maishani mwake. Sina ugomvi nao, zinapendeza. Ila anayebandika ribiti za uongo asimfundishe mwingine uhalisia.

“Kuni na magunia paani ni dalili ya watu wasio na utaratibu”

Si loki zote ni pana kama za Hatton: zile nyembamba zina upana wa futi 7, mita 2.1 hivi, na boti lazima ipite humo. Toa unene wa kuta na vifaa vya kuzuia baridi, ndani unabaki na upana usiofika mita 2. Anayeishi humo mwaka mzima huota moto wa jiko la kuni na makaa ya mawe, na gunia la kilo 20 halitakaa chini ya mto wa kulalia. Linakwenda paani, karibu na sola. Baiskeli ni ya kurudia gari lililoachwa kijiji kilichopita. Paa tupu mara nyingi ni la mtu mwenye nyumba kwingine.

“Boti za faiba hazistahili kuwa hapa”

Wenye boti za chuma huziita vikopo vya mtindi. Ukienda mto Thames, wenye boti nyeupe za faiba nao huziita boti nyembamba mabomba ya maji taka. Nyani haoni kundule, nami nimeshindwa kuamua ni tusi lipi lililotungwa vizuri zaidi.

Ukweli ni kwamba biashara ya mizigo ilipokuwa inakata roho miaka ya 1960, na majira ya baridi kali ya 1962 hadi 1963 yakagandisha mifereji kwa wiki nyingi na kuwamaliza wachukuzi wengi waliobaki, waliokuwa wakija kupita kwenye maji hayo ni watu wa mapumziko, wengi wao kwa viboti vya bei nafuu vya mbao na faiba. Mfereji usiopitwa hujaa matope na magugu, kisha mtu huja na wazo la kuufukia. Vikopo vya mtindi vilisaidia kuweka njia wazi.

Liko jambo moja la haki hapa, nalo si la sura. Boti ndefu ya chuma inaweza kuzidi tani 15, na faiba ikibanwa kati yake na ukuta wa loki hupasuka. Mwenye faiba akiomba kuingia peke yake, hajivuni.

“Wasio na mahali pa kudumu ni wakwepaji”

Sheria ya British Waterways ya mwaka 1995 inawatambua. Boti isiyo na mahali pake pa kufungwa inaruhusiwa mradi inasafiri kweli, isikae mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa sababu ya msingi. Tangu Aprili 2024 wanalipa pia ada ya ziada ya leseni. Wako wanaosogea hatua chache na kurudi, na shirika huwafuatilia. Lakini huwezi kumtambua mkwepaji kwa rangi. Anayesafiri kweli hugusa kuta za loki, hupita chini ya matawi, hukwaruzwa na madaraja. Mikwaruzo ni ushahidi wa safari.

“Anayeng'arisha boti hajui kuiendesha”

Dharau hurudi upande wa pili pia, na waliodharauliwa huifurahia kupita kiasi. Kwao kila boti safi ni ya tajiri aliyestaafu, anayeogopa kutoka marina asije akachubua rangi. Wengine wako hivyo. Wengine waliuza nyumba yao ya pekee ili kuinunua, na hiyo rangi wanayoipaka nta kila majira ya kuchipua ndiyo inayozuia kutu isianze. Kusugua shaba hakujawahi kuwa kazi ya matajiri kwenye mifereji. Waliosugua zaidi ndio waliolala watu watano katika kibanda cha mita 3.

Halafu kuna boti za kuuza makaa. Baadhi ni boti za mizigo za miaka ya 1930, zimebonyea mbavu, turubai lina viraka, na vumbi jeusi limeingia hadi kwenye herufi za jina. Hakuna anayeziita chafu. Watu huzipiga picha na kusema “urithi”. Huleta dizeli, mitungi ya gesi na magunia, na zikikaribia, milango hufunguka mfereji mzima. Wa kwanza kutoka na kamba mkononi, akisaidia kuifunga boti hiyo ya masizi ubavuni mwa rangi yake aliyoipaka nta jana, mara nyingi ni yule bwana wa chai ya Hatton.