Nadharia ya shabiki ni nini?

Keti Mama Ngina, ufukweni Mombasa, jioni, karibu na wauza mihogo, usikilize vijana waliotoka sinema Nyali. "Nakwambia yule si babake! Hukuona ile pete?" Hiyo ndiyo nadharia ya shabiki: maelezo ambayo mtazamaji ameyaunda mwenyewe juu ya jambo ambalo hadithi imelificha au imelisema nusu, akitumia dalili zilizomo ndani ya hadithi yenyewe.

Bila dalili hakuna nadharia. Anayesema tu "naona huyu atakufa" amebahatisha. Na aliyesimuliwa na mtu aliyeiona filamu mapema amemwagiwa mtama, asijisifu.

Ni kitendawili, kwa kweli. Tofauti ni kwamba mtegaji wa filamu akishatega hunyamaza miaka miwili, na hata ukimpa mji hakufumbulii.

Kuna vitendawili vilivyoteguliwa kwa ustadi. Kitabu cha sita cha Harry Potter, hadithi za mchawi kijana, kilichotoka 2005, kina barua iliyotiwa sahihi ya herufi tatu: R.A.B. Mashabiki wakarudi vitabu vya nyuma wakamkuta Regulus Black, ndugu yake Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, aliyetajwa kwa kupita tu. Kisha wakatazama tafsiri ya Kiholanzi, ambako ukoo wa Black huitwa Zwarts. Herufi kule zilikuwa R.A.Z. Kitabu cha saba kilipotoka 2007, jibu likawa lilelile.

Lakini yako mafumbo ambayo mtegaji mwenyewe hana jibu mkononi. Chukua Star Wars, filamu za vyombo vya anga na watu wanaoinua mawe bila kuyagusa. Filamu ya 2015 iliacha swali: wazazi wa Rey, binti shujaa wa filamu hiyo, ni nani? Ya 2017 ikasema si watu wa maana. Ya 2019 ikasema Rey ni mjukuu wa Palpatine, yule mtawala mwovu wa filamu za zamani. Waliokesha wakipima dalili walikuwa wanapima maji yasiyokuwemo kisimani.

Mabishano hayo hayakawii kugusa uwakilishi, yaani nani anaonekana kwenye hadithi, na amepewa kazi gani humo. Hapa Wakenya tuna kisa chetu. Katika filamu ya Star Wars ya 1983, kiumbe mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb anaendesha chombo pamoja na Lando, mmoja wa mashujaa. Sauti yake ni ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na ndani yake mna Kikuyu. Ulimwengu ulisikia lugha ya sayari ya mbali. Anayejua Kikuyu alisikia jirani yake. Miaka 32 baadaye Lupita Nyong'o akaingia kama Maz Kanata, kwa sauti na mwendo wake, ila sura ikachorwa kwa kompyuta. Wote wawili wamesikika. Kuonekana ni jambo jingine, na mimi sikubali anayesema ni mamoja.

Finn, askari mtoro wa filamu ya 2015, ndiye anayeunganisha nadharia na uwakilishi. Mwigizaji wake, John Boyega, ni Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, na mwaka 2015 alitangazwa akiwa ameshika upanga wa mwanga, silaha ya wale wanaoinua mawe bila kuyagusa. Mashabiki wakajenga nadharia kwamba Finn naye ana kipawa chao, kiitwacho Nguvu: mbona aliasi jeshi lililomlea tangu utotoni, bila kushawishiwa na mtu? Nadharia ya namna hii huwa na dai ndani yake. Anayeitetea anauliza pia kwa nini siri za ukoo na vipawa wapewe wengine, naye Finn abaki kukimbia huku na huku akiita "Rey!" Mwaka 2020 Boyega mwenyewe alilalamika hadharani kwamba wahusika weusi hutangazwa kwa kishindo kisha husukumwa kando.

Filamu ya 2019 ilidokeza Nguvu hiyo, haikuitaja waziwazi. Finn anazama mchangani, anamwita Rey, anasema kuna jambo hajawahi kumwambia. Sentensi ile hakuimaliza.