Uandikishaji wa asilimia 115 unawezekanaje? Ghafi na halisi shule ya msingi

Ukisikia kata fulani huku Kaliua au Urambo imeandikisha watoto asilimia 115 usikimbilie kusema takwimu zimepikwa. Huo ni uandikishaji ghafi, yani wanachukuliwa wanafunzi wote wa darasa la kwanza mpaka la saba bila kujali umri alafu wanagawanywa kwa idadi ya watoto wa eneo hilo wenye umri rasmi wa shule ya msingi, wengi tumezoea kuhesabu miaka 7 mpaka 13. Halisi inahesabu wale tu wenye umri huo, ikivuka 100 basi makadirio ya idadi ya watu yana shida au kuna watoto wanatoka kijiji kingine.

Tuseme kijiji kina watoto 200 wa umri huo na shule ina wanafunzi 230, ila kati yao wenye umri sahihi ni 160. Ghafi ni 115%, halisi 80%. Hapo ndo pananiuma, maana mtu anasifia 115 wakati watoto 40 hawamo kwenye daftari la shule ile, na wale 70 waliobaki kwenye 230, walio nje ya umri huo, wengi ni wakubwa kuliko darasa lao.

Huku kwetu Tabora sababu zipo wazi, familia inahamia porini kwenye tumbaku, wafugaji wanafuata malisho, shule iko mbali, mtoto anaanza la kwanza na miaka 9, mwingine anakariri darasa. Na elimu bila ada ilipoanza 2016 waliokuwa nyumbani wakaja kwa wingi, ghafi lazima ipande, na mimi naona lile lilikuwa jambo zuri kabisa.

Kitu kingine, kuandikishwa sio kuhudhuria. Jina liko kwenye daftari toka Januari ila msimu wa kuchuma tumbaku fungua rejista ya mahudhurio uone.

Sa ghafi haina kazi? Inayo sana, madawati, walimu (mwalimu 1 kwa wanafunzi 45) na vyoo vinapangwa kwa vichwa vyote vilivyopo. Ila kwenye kikao cha wazazi omba idadi kwa jinsia pia, maana tundu 1 la choo ni la wasichana 20 au wavulana 25, ukipewa jumla tu huwezi kujua mabinti wamepungukiwa matundu mangapi.