Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje

Katika fleti zilizokarabatiwa Tudor na Kizingo, mitaa ya Mombasa, bado utasikia: "Funga madirisha, kiyoyozi kitatuletea hewa safi." Imani hii inaeleweka, maana kuna mashine nyingine kule nje na mabomba yanapenya ukutani.

Lakini mabomba yale mawili ya shaba hayapitishi hewa ya kupumua. Ndani yake huzunguka gesi ya kupoza tu, na ule mpira mwembamba unaodondosha maji hutoa unyevu wa chumbani. Hewa ni ile ile: huvutwa, hupozwa, hurudishwa. Nje, kaboni dioksaidi ni takriban sehemu 420 kwa milioni. Chumba kilichofungwa wakilala watu wawili hupita 1,000 kwa urahisi kabla ya alfajiri. Harufu ya rangi mpya nayo hubaki humo humo.

Kinachonisikitisha ni madirisha ya zamani ya mbao, yaliyopitisha upepo hata yakifungwa, kung'olewa na kuwekwa ya alumini ya kusukuma, yanayofunguka nusu tu. Basi kabla ya kuwasha kiyoyozi, fungua pande mbili zinazotazamana, kusi au kaskazi ipite ndani. Na jikoni, feni itoe moshi nje kabisa.