Msimbo kuonekana hakuifanyi programu kuwa huru

Watu wengi wakikuta msimbo chanzo, yaani maagizo ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji, umewekwa wazi kwenye intaneti, huamua papo hapo kwamba leseni yake ni ya programu huru. Sivyo. Free Software Foundation, taasisi inayotetea programu huru, hupima leseni kwa uhuru wa aina 4: kuendesha programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kusambaza nakala zake, na kusambaza matoleo uliyoyabadilisha. Ukikosekana mmoja, leseni imeanguka.

Hilo la kusudi lolote ndilo linalowanasa wengi. Leseni ya JSON (JSON ni muundo wa kuandika data) inataka programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Nani angepinga? Hata hivyo, taasisi hiyo huihesabu kuwa si huru, kwa kuwa inamwekea mtumiaji mipaka ya matumizi (na uovu wenyewe ataupima nani?). Leseni yoyote yenye kifungu cha kukataza biashara nayo huanguka vivyo hivyo, hata kikiandikwa kwa nia njema. Mwaka 2023 kampuni ya HashiCorp iliihamishia Terraform, programu yake ya kusimamia miundombinu ya kompyuta, kwenye Business Source License: msimbo bado unasomeka, lakini huwezi kuutumia kutoa huduma inayoshindana na kampuni hiyo. Kila toleo huja kupewa leseni huru baada ya miaka 4. Kwangu mimi, huo ni uhuru wa ahadi.

Si kwamba kila sharti ni kosa. GPL, leseni maarufu ya programu huru, inakudai utoe msimbo wa toleo unalolisambaza, chini ya leseni ileile, na bado ni huru kabisa. Hata kuuza nakala inaruhusu, kwa bei yoyote.