Reli haina kosa, tazama meza

Nimetumiwa tena picha ya reli ya treni ndogo za mfano, zile tunazozijenga mezani, iliyonyanyuka katikati ya meza, na chini yake maneno yale yale: "Joto la Unguja limeivimbisha." Jamani, si joto! Tupige hesabu. Reli hizi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kipande cha mita 1, joto likipanda nyuzi 10, hurefuka milimita 0.16 tu. Pengo la unene wa kadi kwenye kiungo, pale reli mbili zinapokutana, linaumeza urefu huo wote.

Kinachotembea ni mbao. Ubao hauna habari na joto; unafuata unyevu, na hautembei sawa pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, haubadiliki sana. Kwa upana ndipo penye balaa: ubao wa sentimita 20 unaweza kuongezeka au kupungua milimita 2 hivi baina ya masika na kaskazi, zaidi ikiwa chumba kina kiyoyozi. Panga mbao nne ubavu kwa ubavu, pitisha reli juu yake kwa kukata nyuzi, kisha hesabu mwenyewe.

Sasa tazama watu wanavyodanganyika. Mtu anajenga masika, mbao zimeshiba maji, anabananisha reli na kuzigandisha kwa gundi. Ikifika kaskazi mbao zinasinyaa, reli zinakosa pa kwenda, zinanyanyuka. Na kwa kuwa kaskazi ndiyo msimu wa jua kali, jua ndilo linalopewa lawama. Aliyejenga kaskazi hukutwa na kinyume chake: masika viungo vinaachia, umeme unaopita kwenye reli unakatika na injini inazimika njiani.

Mimi natengeneza njia ya Bububu, ile reli ya zamani ya Unguja iliyofunguliwa 1905, kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Nafasi baina ya reli zake mbili ilikuwa milimita 914. Mezani ni 10.5. Njia yote ingehitaji zaidi ya mita 120 za meza, kwa hiyo nimechukua vipande tu. Kwenye njia nyembamba hivi, kinundu ambacho jicho halikioni kinatosha kuangusha behewa.

Tumia plaiwudi, matabaka yake yamepishanishwa nyuzi ndiyo maana imetulia. Chipubodi usiilete nyumbani. Paka rangi juu, chini na kwenye kingo. Rangi hupunguza kasi ya unyevu, haiuzuii. Wengine wanasifu povu gumu. Kweli halinywi maji, lakini linavuma treni ikipita, na fremu inayolibeba bado ni ya mbao, kwa hiyo sijashawishika.

Kwenye kona mimi nachomelea viungo kwa risasi ili reli zisivunje mkunjo, mapengo nayaacha sehemu zilizonyooka. Kama ni sahihi kwa kona ndefu, bado nabishana na nafsi yangu. Waya wa umeme upeleke kwa kila kipande cha reli. Kwa hewa hii ya chumvi, kiungo peke yake usikitegemee kupitisha umeme. Ukijenga masika acha mapengo mapana, ukijenga kaskazi yabane. Na kabla hujapiga gundi, laza plaiwudi wiki kadhaa katika chumba kile kile itakamokaa meza.