Bodi ya helikopta ya rimoti: hesabu taima kabla ya megahezi

Anayeniuliza bodi ya kuongozea helikopta ya rimoti mara nyingi ameshalinganisha kasi za prosesa, na anataka kusikia kwamba yenye megahezi nyingi ndiyo bora. Mimi humuuliza: taima za bodi hiyo, yaani saketi za chipu zinazohesabu muda, zinaweza kutoa mapigo ya umeme kwa servo ngapi (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoagizwa) bila programu kuingilia?

Helikopta ya kawaida inahitaji njia tano: servo tatu za kuinamisha sahani ya rota, moja ya mkia, na kidhibiti cha mota. Servo husoma urefu wa pigo la umeme, kwa kawaida kati ya maikrosekunde 1,000 na 2,000. Ikiwa tofauti hiyo ya maikrosekunde 1,000 inaizungusha nyuzi 90, basi kosa la maikrosekunde 11 tu ni nyuzi moja nzima. Kwenye gari la rimoti huenda usiione. Kwenye mkia wa helikopta utaiona palepale.

Chukua bodi ya Arduino Uno R3. Chipu yake, ATmega328P ya megahezi 16, ina taima tatu, lakini ya biti 16, inayoweza kupima muda kwa hatua ndogo, ni moja tu, nayo ina pini mbili za kutolea mapigo. Zile za biti 8, ukizishusha hadi mapigo 61 kwa sekunde, hupiga hatua za maikrosekunde 64. Mwendo wote wa servo unabaki na hatua 16 hivi! Ndiyo maana maktaba ya servo (msimbo ulioandaliwa tayari) huanzisha na kukomesha kila pigo kwa programu. Data ya risiva, yaani kipokezi cha amri za rimoti, ikiingia wakati huohuo, pigo linasubiri.

Nililiona hilo kwenye helikopta yangu ya kwanza. Ilikuwa mezani, mapanga ya rota nimeyatoa, sijagusa rimoti, na servo ya mkia inatetemeka chini ya kidole changu. Nikichomoa waya wa data wa risiva, inatulia. Nikiurudisha, inaanza tena.

Leo ningechukua bodi yenye chipu ya STM32F405. Ina taima za kutosha, na kwa megahezi 168 pamoja na uwezo wa kukokotoa desimali ndani ya chipu, kuchuja data ya jairo (kihisi cha mzunguko) si mzigo. Raspberry Pi Pico nayo inatosha kujifunzia: ina njia 16 za mapigo, ingawa desimali inazikokotoa kwa programu. Teensy 4.0 ina megahezi 600, naipenda sana, ila pini zake hazivumilii volti 5, kwa hiyo pima kwanza risiva yako inatoa volti ngapi.

Umeme nao usiudharau. Servo zote zikivuta pamoja, volti hushuka na bodi inaweza kujiwasha upya hewani. Zipe servo chanzo chao, bodi chake, kisha unganisha nyaya zao hasi. Kabla ya kurudisha mapanga, zungusha fimbo zote za rimoti kwa nguvu kwa dakika kadhaa huku ukitazama taa ya bodi. Ikizimika hata mara moja, mapanga yabaki mezani.